Kamba za Turubai: Tabia Kabla ya Nguvu

Mtu aingiaye dukani kununua kamba ya kuwambia turubai, awe ni skauti atakaye kulala katika milima ya Usambara, au mvuvi aendaye dago kisiwani, au msafiri aliyechoshwa na gharama za nyumba za wageni, aghalabu huishika kamba kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu zake zote mbele ya muuzaji, na ikiwa haikukatika akaridhika, akalipa, akaenda zake. Mtihani huo una sura ya hekima, walakini haumfunulii mnunuzi jambo la maana, kwa sababu karibu kila kamba iuzwayo leo, hata iliyo nyembamba sana, yaweza kustahimili mvuto wa mikono ya mwanadamu. Na turubai liangukapo usiku, ni nadra sana sababu kuwa ni kamba iliyokatika. Huanguka kwa kuwa kamba imelegea, au imejikaza hata ikang'oa kigingi, au fundo limeteleza, au jua la miezi kadha wa kadha limezila nyuzi pasipo mwenyewe kutambua. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kamba ichaguliwe kwanza kwa tabia yake, na nguvu zifuate nyuma. Na tabia ya kamba haidhihiriki mchana dukani, bali saa tisa za usiku, mvua inyeshapo.

Hata hivyo nguvu haziachwi bila hesabu. Upepo wa kasi ya kilomita 36 kwa saa, ambao si ajabu ufukweni siku kusi ikichangamka, ukilipiga uso kwa uso turubai la mita tatu kwa mita tatu, hulisukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 55 hivi. Na kasi hiyo ikizidi maradufu, nguvu haizidi mara mbili bali mara nne, ikafikia kilo 220. Mzigo huo hugawanyika baina ya kamba sita au nane, lakini haugawanyiki kwa insafu, maana zile za upande utokako upepo hubeba sehemu kubwa. Tena kila fundo huipunguzia kamba nguvu zake, mara nyingi kwa robo, na pengine kwa nusu. Kamba ya poliesta ya milimita tatu, ambayo kwa kawaida hustahimili zaidi ya kilo 100 kabla ya kukatika, yatosha kwa pembe zote za turubai la kadiri hiyo, na atafutaye kamba nene kuliko hapo kwa ajili ya pembe ajitwika mzigo bure.

Basi tuitazame tabia, na tuanze na kamba tuliyoizoea zaidi, yaani ya katani. Mkonge si mzaliwa wa nchi hizi. Asili yake ni Meksiko, na mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ambayo baada ya safari ndefu ya bahari ilisalia 62 tu iliyokuwa hai. Na kutokana na mabaki hayo machache yakaenea mashamba yaliyoifanya Tanganyika, kufikia miaka ya 1960, kuongoza ulimwengu kwa uzalishaji wa katani. Kamba yake hushika fundo vizuri mno kwa sababu ya ukwaruzo wake, haitelezi mkononi, wala haiyeyuki ikikaribiana na moto wa kupikia. Kasoro yake ni maji. Nyuzi za katani hunywa maji zikavimba, na kwa kuwa zimesokotwa, kule kuvimba huzilazimisha kuzunguka njia pana zaidi, kwa hiyo kamba yenyewe hufupika. Aliyeikaza barabara jioni, kukiwa kukavu, mvua ikija ataiona imejivuta kwa nguvu isiyo na huruma, ikang'oa vigingi au ikapasua matundu ya pindoni mwa turubai. Ndiyo maana watu wa zamani waliolala katika mahema ya pamba yenye kamba za katani walikuwa na desturi ya kuzilegeza kamba zote kabla ya kulala, hata mbingu zikiwa safi, na aliyesahau aliamshwa na mvua akatoka nje kuzilegeza gizani.

Ndugu yake wa pwani, kamba ya makumbi, ina hulka tofauti kidogo. Makumbi ya nazi hufukiwa katika mchanga na tope la ufukweni kwa miezi mingi, kazi ambayo Unguja hufanywa hasa na wanawake, kisha yakafukuliwa, yakapondwa, zikatoka nyuzi za usumba za kusokota. Kamba hiyo haiogopi maji ya chumvi, na kwa uvumilivu huo ndiyo iliyoshona mbao za vyombo viitwavyo mitepe kwa karne nyingi pasipo msumari hata mmoja. Hurefuka sana ikivutwa kabla ya kukatika, na kwa hiyo huupokea mshtuko wa upepo kwa upole. Lakini nguvu zake kwa unene ule ule ni haba kuliko za katani, na nyuzi zake huchomachoma viganja. Kwa mwenye ngalawa, ambaye kamba za namna hiyo anazo tayari, sioni haja ya kununua nyingine. Kwa mpanda mlima, sioni haja ya kuibeba.

Sasa zimekuja kamba za kiwandani, na watu wengi huziita zote kwa jina moja la nailoni, jambo ambalo limewagharimu wanunuzi wengi usingizi. Nailoni yenyewe ilipatikana mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, chini ya mkemia Wallace Carothers, na katika vita vikuu vya pili ikawa ndiyo kitambaa na kamba za miavuli ya askari. Ni nyepesi, ina nguvu nyingi, na hunyumbuka. Mpanda majabali aangukapo, kunyumbuka huko ndiko kumwokoako. Lakini fadhila hiyo hugeuka kero katika turubai, maana nailoni nayo hunywa maji, ikilowa kabisa hata asilimia 8 au 9 ya uzito wake, na kinyume cha katani, yenyewe hulainika ikarefuka. Kwa hiyo usiku ule ule wa mvua, mwenye katani atoka kulegeza na mwenye nailoni atoka kukaza, na wote wawili wamelowa. Kamba ile ya miavuli ya askari, ya milimita nne, yenye ala ya nje iliyofumwa na nyuzi kadhaa za kiini ndani yake, hustahimili uzito wa kilo 250 hivi na imepata sifa kubwa miongoni mwa wapenda safari. Nami siikanushi sifa hiyo kwa kazi nyingine, kwani kiini chake huweza kutolewa kikawa uzi wa kushonea au wa kuvulia samaki, ila kwa kuwamba turubai msimu wa masika ningeiacha nyumbani.

Poliesta ni habari nyingine. Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliuvumbua uzi huo mwaka 1941, na tabia yake kubwa ni kutojali. Maji inywayo hayafiki asilimia moja ya uzito wake, kwa hiyo ikilowa hairefuki wala haifupiki kwa kiasi cha kumwamsha mtu. Jua la ikweta huistahimili kuliko nailoni. Na iliyofumwa, si ya kusokotwa, haijinyonganyongi ikikunjwa. Kamba isiyokuwa na kioja ndiyo kamba ya kulalia chini yake, na kama msomaji ataka neno moja la kumwambia muuzaji, neno hilo ni poliesta. Mabaharia wa mashua za tanga za kisasa huitumia kwa henza na demani kwa sababu hiyo hiyo, maana tanga lililowambwa kwa kamba ya kurefuka hupoteza umbo lake.

Iko pia ile kamba ya plastiki ya buluu au ya manjano ambayo wauzaji wetu huiita manila, itengenezwayo aghalabu kwa polipropilini. Bei yake ni rahisi, huelea majini, nayo hupatikana hata katika kijiduka cha mwisho kabla ya msitu. Walakini adui yake ni jua, ambalo huikausha hata ikapukutika vumbi jeupe mkononi, na ikifikia hapo haifai tena kuaminiwa, hata kama yaonekana nzima. Tena ni ngumu na yenye utelezi, hivyo fundo lake hupenda kujifungua lenyewe. Kwa usiku mmoja au mbili yatosha. Na juu ya zote, kwa bei na kwa nguvu, zimesimama nyuzi za Dyneema kutoka Uholanzi, ambazo kwa uzito ule ule hushinda waya wa chuma, lakini fundo la kawaida ndani yake huchoropoka kama pweza mkononi, na joto la nyuzi 150 huziyeyusha. Abebaye kila gramu kwa mahesabu atazipenda, na wengine tuna matumizi bora ya fedha zetu.

Pana kamba moja tu katika turubai lote ambayo kwa hakika yastahili kuwa nene, nayo ni ile ya mgongo, ipitayo baina ya miti miwili na kushika kazi ambayo katika nyumba ya makuti hufanywa na mwamba wa paa. Hapa ndipo watu hupotoka kwa nia njema, kwa kuikaza mpaka iwe mstari ulionyooka kabisa wakidhani ndiyo uimara. Tuseme mvua imetuama katikati ya turubai, lita ishirini, yaani kilo ishirini. Kamba ikiwa imelala kwa pembe ya nyuzi 30 kila upande, kila nusu yake hubeba kilo ishirini. Ikiwa imekazwa mpaka pembe ikasalia nyuzi tano tu, kila nusu yavutwa kwa kilo 115 hivi, kwa maji yale yale. Kukaza kupita kiasi ndiko kuvunjako kamba na kung'oako miti michanga. Basi kamba ya mgongo iwe ya milimita nne au tano, iachiwe ulegevu kidogo, na turubai lenyewe liinamishwe upande mmoja ili maji yasipate pa kukaa. Tena nje ya turubai, karibu na kila mti, utundikwe uzi mfupi wa pamba juu ya kamba hiyo, kwani maji ya mvua hushuka na kamba kutoka mtini hadi ndani, na yakikutana na uzi huo hudondoka hapo chini yasiendelee. Miti yenyewe ichaguliwe kwa akili. Mnazi wenye nazi una kivuli kizuri na shina lililonyooka, nao hautoi ilani kabla ya kuangusha.

Kwa mafundo sitasema mengi. Maskauti, ambao muasisi wao Baden-Powell alifia Nyeri mwaka 1941 na kuzikwa huko, hufundishwa mapema lile fundo la kuteleza ambalo husogezwa kwa mkono lakini hushika likivutwa na mzigo, na mwenye kulijua hahitaji kung'oa kigingi chake ili kukaza upya. Asiyelijua aweza kukata ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ule ule wafungiao mizigo vijana wa bodaboda, akauunganisha baina ya kamba na kigingi: mpira huo hujivuta kamba ilegeapo na kurefuka upepo upigapo, na kwa kamba ya nailoni ni dawa iliyo karibu na kamili. Rangi ya kamba iwe nyeupe au ya machungwa. Kamba ya kijani huwapendeza wanunuzi kwa kuwa yafanana na msitu, na kwa sababu hiyo hiyo huwaangusha wageni wako usiku.

Ncha za nailoni na poliesta huchomwa kwa moto wa kibiriti zikaganda, ilhali za katani na makumbi hufungwa kwa uzi ili zisifumuke. Kamba za kiwandani zikirudi mbichi hazidhuriki sana. Za katani ni lazima zianikwe kivulini penye upepo mpaka zikauke barabara, la sivyo huoza kuanzia ndani huku ngozi ya nje ikibaki na rangi yake nzuri. Kabla ya safari ifunguliwe misokoto yake kidogo mahali pawili au patatu, zitazamwe nyuzi za ndani na kunuswa, na zikiwa za kijivu, zenye harufu ya uvundo, zikakatika kwa ukucha, kamba hiyo ipewe kazi ya kufungia kuni.