Hansel na Gretel wamefika darasani kwetu

Leo tunapenda kuwaelezea kazi ya insha iliyofanyika katika darasa letu la jioni, na pia kumjibu mama mmoja aliyetufuata mpaka mlangoni na hasira. Alikuwa na haki yake, tutafika huko.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: chukua hadithi ya kale ambayo kila mtu anajua inavyokwisha, uiandike upya kwa maneno yako, na usilifiche giza lake. Tulichagua Hansel na Gretel, hadithi ya Wajerumani, kwa sababu kitabu chake kilikuwamo kwenye sanduku letu, kimechanika jalada lakini kurasa zote zipo. Wengi wanaijua kwa ile picha ya nyumba ya mkate yenye madirisha ya sukari. Picha ni tamu, basi mtu anasahau kwamba hadithi inaanza na njaa.

Mkata kuni na mke wake wameishiwa. Usiku mke anamwambia mume: tuwapeleke watoto msituni tuwaache, la sivyo tutakufa wote wanne. Watoto hawajalala, njaa imewaamsha, wanasikia kila neno. Mara ya kwanza Hansel anaangusha vijiwe njiani na wanarudi nyumbani. Mara ya pili ana makombo ya mkate tu, ndege wanayala, njia inapotea.

Tulipofika hapo darasa lilinyamaza. Miezi ile mgao ulikuwa umepunguzwa, na ukuta wa shitingi hauzuii sauti. Nani kati yetu hajawahi kulala macho akisikiliza wazazi wakihesabu vikombe vya unga?

Vijana walituuliza kama inaruhusiwa kubadilisha hadithi ya watu. Tuliwajibu kwamba wenyewe waliibadilisha. Ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa kitabu chao cha hadithi kwa mara ya kwanza mwaka 1812, na humo anayetaka watoto waachwe ni mama yao mzazi. Katika chapa ya mwaka 1840 amekuwa mama wa kambo. Yaani waliona ni vigumu kumwachia mama mzazi kosa hilo, wakamtwisha mwingine. (Akina mama wa kambo mnaosoma gazeti hili, mnaona mambo hayo hayakuanza na nyinyi.) Na hao ndugu shida waliijua. Baba yao alifariki mwaka 1796, Jacob akiwa na miaka 11, akamwacha mjane na watoto sita. Hata ile hadithi ya msichana wa kofia nyekundu, Mfaransa Charles Perrault aliyeichapisha mwaka 1697 aliiacha pale mbwa mwitu anapomla binti, basi, imekwisha. Mwindaji wa kumtoa tumboni yumo katika kitabu cha hao Grimm.

Sasa tuseme ukweli, insha za kwanza zilikuwa mbaya. Wavulana walijaza mapanga na damu mpaka ukurasa wa mwisho. Tulizirudisha zote. Tuliwaambia kwamba damu ikimwagika kila mstari msomaji anazoea, haogopi tena. Tafuta mtu ambaye ndani ya hadithi hasemi kitu, umpe yeye mdomo.

Kijana mmoja wa miaka 15 akamchukua baba. Katika hadithi kuna jambo dogo ambalo wengi tunalipita: baba alifunga tawi kwenye mti mkavu, upepo ukawa unaligonga, watoto wakafikiri ni shoka lake, kwamba yuko karibu. Basi huyu kijana hakuandika habari za mchawi hata kidogo. Aliandika baba amerudi nyumbani, amekaa, na kila upepo ukivuma anasikia lile tawi linagonga. Anaamka kufunga mlango, mlango umefungwa. Kurasa mbili tu, hakuna aliyekufa, na sisi walimu tulishindwa kuisoma kwa sauti mpaka mwisho.

Insha iliyoleta ubishi mkubwa ni ya msichana wa miaka 13. Yeye alisimama kwenye sentensi moja ya kitabu, ile inayosema kwamba wachawi wana macho mekundu na hawaoni mbali. Akatuuliza: Mwalimu, si ni kama bibi yeyote anayepikia kuni? Ndugu wasomaji, hilo si swali la mchezo. Hapa Tanzania, hasa kanda ya ziwa, bibi vizee wameuawa kwa ajili ya macho mekundu, na moshi wa jiko ndio uliowapa. Kwetu Kongo hata watoto wanaitwa wachawi na kufukuzwa nyumbani. Katika insha yake, bibi ni mjane anayeishi peke yake. Watoto wanakuja na njaa, wanakula nyumba yake, anawakaripia. Wanamsukuma kwenye tanuri, wanachukua mali yake, wanarudi kijijini wakisema alikuwa mchawi, alitaka kutula. Kijiji kizima kinawapigia vigelegele. Mwisho Gretel amezeeka, naye anapika kwa kuni, na asubuhi moja anajiona kwenye maji ya ndoo: macho yake ni mekundu.

Baadhi ya vijana walikataa, wakasema mchawi ni mchawi. Walibishana hadi giza likaingia. Sisi tunasimama na huyo binti, na hatuoni haya kulisema hapa.

Turudi kwa yule mama. Alitwambia: “Mwalimu, miye nilituma mutoto asome. Sasa usiku ananishika nguo, ananiuliza kama nitamuacha.” Tulimwomba msamaha, tukamwambia, Mama, kaa kidogo, sikiliza hadithi yenyewe. Akakaa kwenye benchi la nyuma. Tulimsomea mpaka mwisho, pale watoto wanapofika kwenye maji makubwa yasiyo na daraja, na bata mweupe anawavusha. Hansel anataka wapande wote wawili, Gretel anakataa, bata ataelemewa, bora mmoja mmoja.

Mama akauliza: “Nani alibakia ngambo ya kwanza?” Kitabu hakisemi. Ndipo akatueleza kwamba siku walipovuka ziwa mtumbwi ulikuwa umejaa, mtoto huyu akabaki ufukweni na shangazi yake siku mbili. Alikuwa mdogo sana, na nyumbani hawajawahi kumwambia. Jioni ile alimwambia.

Mtoto amerudi darasani. Insha yake bado haijakwisha, inahusu yule aliyebaki ufukweni akingoja bata arudi. Ameandika kurasa nne, na bata bado hajaonekana.

Insha zote zitasomwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, darasani kwetu. Wazazi karibuni. Mwenye kalamu ya ziada atusaidie, tumebakiwa na saba.