Aliyeumwa na Nyoka Akiona Ung'ongo

Wahenga wetu walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii naijua tangu utotoni, lakini maana yake haikunikaa moyoni mpaka nilipofika Kalobeyei, huko Turkana Magharibi, katika njia itokayo Lodwar kwenda Lokichoggio.

Kwanza turudi nyuma. Mwaka 1991, vita vilipopamba moto Somalia, watu wa Barawa na Wabajuni waliikimbilia Mombasa kwa vyombo vya baharini, na wengi wakawekwa kambini Utange. Siku hizo nikimsaidia maalimu wangu kusomesha chuoni. Akaletwa mtoto wa Kibarawa, umri wake hapata miaka minane. Alasiri moja sinia lilianguka jikoni kwa kishindo. Mtoto akajibanza nyuma ya mlango, akajikojolea juu ya jamvi. Wenziwe wakacheka. Mimi nikamchapa henzirani kwa kulinajisi jamvi. Hakulia hata kidogo, na huko kutolia ndiko kunakonisumbua hadi leo. Kambi za pwani zilipofungwa katika miaka hiyo ya 1990, wengi wao walihamishiwa Kakuma. Sikumwona tena.

Kakuma yenyewe ilianza mwaka 1992 kwa kuwapokea wavulana wa Sudan, maelfu yao bila baba wala mama, waliokuwa wametembea kwa miguu hadi Ethiopia na kurudi. Jirani yake, mwaka 2016, ikafunguliwa Kalobeyei, ili wakimbizi na wenyeji Waturkana watumie shule na zahanati pamoja. Wengi wa wakazi wake ni watoto waliokimbia vita vya Sudan Kusini.

Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa upepo ulipoubamiza mlango. Msichana mmoja akazama chini ya dawati. Mwalimu hakumwita wala hakumkemea. Aliketi sakafuni karibu naye, akaendelea na somo kwa sauti ya chini, kana kwamba hapo ndipo pahala pa mwalimu siku zote. Baada ya kitambo mtoto akatoka, akashika kalamu yake. Nami nikainamisha uso.

Na polisi je? Mtoto aliyeona watu wa sare wakiichoma nyumba yao hatofautishi sare na sare. Ndiyo maana huko wapo wakimbizi wenyewe, waume kwa wake, katika vikundi vya amani na ulinzi vinavyofanya kazi bega kwa bega na polisi. Afikapo jirani ajuaye lugha ya mtoto, hofu hupungua. Nchini mwetu pia yapo madawati ya jinsia katika vituo vya polisi, ipo simu ya bure ya watoto, nambari 116, na ipo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022.

Lakini kuna jambo ambalo lingetufaa zaidi. Huko Marekani, katika jimbo la West Virginia, mwaka 2013 ulianzishwa utaratibu mwepesi. Polisi akimkuta mtoto penye ugomvi au damu, hupeleka shuleni jina lake na agizo moja tu: atendewe kwa upole. Lililotokea halitajwi. Siri ya nyumba imesitirika, na mtoto naye amesitirika. Je, hii si sitara tunayofundishwa sisi?

Wala tusidhani haya ni ya Turkana peke yake. Februari 2014 polisi walipouvamia Msikiti Musa, Majengo, Mombasa, miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo watoto. Nani aliwaambia maalimu wao wawapokee vipi waliporudi? Mtume wetu alilelewa yatima, nasi twaisoma Sura ya Dhuha kila siku. Tuisome tukiwa tumeiweka chini henzirani.

Yule mtoto wa Kibarawa sasa ni mtu mzima wa miaka arubaini na kitu. Kama yu hai, na gazeti hili likamfikia, naomba aniwie radhi.