Utangulizi: Maiti Katika Nchi ya Watu wa Amani

Mwandishi wa riwaya za upelelezi ana zana zake za siku zote: simu ya usiku wa manane, picha ya marehemu, shahidi anayeapa mbele ya hakimu. Mpeleke kwa Waamishi uone zinavyomponyoka moja baada ya nyingine. Hawaweki simu sebuleni, hawapendi kupigwa picha, na kuapa kwao ni dhambi.

Waamishi ni Wakristo waliojitenga na wenzao huko Uswisi na Alsace mwaka 1693, wakimfuata Jakob Ammann, kisha wakahamia Marekani kuanzia karne ya 18. Leo wamezidi 350,000, wengi wao wakiishi Pennsylvania, Ohio na Indiana. Husafiri kwa magari ya farasi, hubatizwa wakishafikia umri wa kujiamulia, na aliyebatizwa akivunja kanuni bila kutubu hutengwa, hata mezani asile pamoja na nduguze. Binamu zao wa imani, Wamennonite, si wageni kwetu: wamisionari waliotumwa kutoka Lancaster, Pennsylvania, ngome kuu ya Waamishi, walifika Shirati, Mara, mwaka 1934.

Katika jamii ya namna hiyo, kumjua muuaji si kazi ngumu kuliko zote. Kazi ni kumpata atakayesema, tena mbele ya mtu wa serikali. Ndiyo maana mpelelezi wa riwaya hizi karibu kila mara ni mtu wa mpakani. P. L. Gaus, mhadhiri wa kemia huko Ohio, alianza mfululizo wake mwaka 1999 kwa Blood of the Prodigal: mjukuu wa askofu ametoweka, na babu, badala ya kwenda polisi, anawaendea mchungaji na profesa anaowaamini. Miaka kumi baadaye Linda Castillo akaukaza uzi huo katika Sworn to Silence. Mkuu wake wa polisi, Kate Burkholder, alizaliwa Mwamishi akaondoka. Lugha ya wazee anaijua, nao wanamjua, na familia yake ina siri ambayo uchunguzi unaweza kuifukua. Naye Jodi Picoult, katika Plain Truth (2000), anamhamishia wakili wa mjini kwenye shamba la mshtakiwa wake, msichana anayedaiwa kumuua mtoto mchanga. Kabla yao wote, filamu ya Witness (1985) ilikuwa imekwisha kuwatia watazamaji hamu ya kuchungulia maisha ya Waamishi.

Hamu hiyo ndiyo inayonitia shaka. Waandishi hawa karibu wote ni watu wa nje, na mauaji ni nadra sana miongoni mwa Waamishi wenyewe. Castillo humwaga damu kupita kiasi, ingawa hakuna anayemfikia kwa kuonyesha uchungu wa mtu kurudi kwao akiwa amevaa sare.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2006, huko Nickel Mines, Pennsylvania, mtu wa nje aliingia katika shule ya Waamishi akawaua wasichana watano, kisha akajiua. Siku hiyohiyo wazee wa Kiamishi walikwenda kwa familia ya muuaji kuwaambia wamesamehe. Riwaya ya upelelezi hukoma pingu zikishafungwa. Kwa watu hawa, deni la msamaha huanzia hapo. Waandishi wazuri wa uwanja huu hulihesabu deni hilo, wabovu hulipa kisogo.

Anza na Gaus, ambaye ana subira na anamheshimu mwenyeji wake, kisha umsome Castillo. Asiyestahimili damu amtafute Tamar Myers, aliyezaliwa Kongo ya Wabelgiji kwa wazazi wamisionari: mwenye nyumba yake ya wageni, Magdalena Yoder, Mmennonite mwenye ulimi mkali, atakuchekesha huku akikupa na mapishi.