Mjukuu Kutoka Ng'ambo Akipata Homa

 

Leo tunazungumza juu ya jambo la furaha: watoto wetu walioishi ng'ambo kwa miaka mingi wanaporudi nyumbani kututembelea. Hapa Kaaga tunazijua safari hizo. Simu inapigwa kutoka Uingereza, Marekani au Ujerumani: "Tunakuja Desemba." Nyumba inapakwa rangi, mbuzi anatengwa, na majirani wanaarifiwa. Anayesubiriwa kuliko wote ni mjukuu ambaye nyanya amemwona kwa picha tu.

Mjukuu huyo anafanana na binamu zake. Ana jina la babu yake, na pengine anajua kusalimia kwa Kimeru. Lakini kuna tofauti moja ambayo macho hayawezi kuiona. Mwili wake haujawahi kupambana na malaria. Kwa sababu hiyo, homa ambayo mtoto mwingine angeivumilia siku mbili tatu inaweza kuhatarisha maisha yake kwa muda mfupi. Tunaposema homa hapa, hatuna maana ya mafua. Tuna maana ya mwili kuwa na joto jingi.

Mlezi anaweza kuuliza: kwani kinga ya malaria hutoka wapi? Mtu anayekaa mahali penye malaria nyingi huumwa na mbu wenye vimelea mara kwa mara tangu utotoni. Baada ya kuugua mara nyingi, mwili wake hujifunza kupigana. Bado anaweza kuugua, lakini mara nyingi hazidiwi haraka. Kinga hiyo si kamili, wala haidumu. Mtu akienda kuishi nchi isiyo na malaria, inapungua mwaka hata mwaka. Na mtoto aliyezaliwa huko hakuwa nayo hata siku moja. Hakuirithi kwa mama, wala hakuirithi kwa baba.

Kwa hiyo baba anayesema, "Mimi nilikulia Kenya, malaria hainisumbui," anajidanganya. Na ikiwa alikulia hapa Kaaga, huenda hata kinga yenyewe hakuwahi kuwa nayo. Sisi tunaishi karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huku hupunguza mbu, na pia huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu. Ndiyo maana malaria kwetu ni chache.

Lakini wageni wetu hawakai Kaaga siku zote. Wakishakula na kupumzika, wanataka kutembea. Watakwenda kuona wanyama katika Mbuga ya Meru, ambako ni chini na kuna joto. Watawatembelea jamaa walio Tharaka, au Mwea kwenye mashamba ya mpunga yenye maji yaliyotuama. Wengine watashuka Mombasa kuogelea, au watakwenda Kisumu na Homa Bay kwa wakwe. Ukanda wa Ziwa Viktoria ndio wenye malaria nyingi zaidi nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba huko, katika kila watoto 100 wa miezi 6 hadi miaka 14, kama 19 walikuwa na vimelea vya malaria katika damu.

Mama wa Kaaga, hapo mkumbuke na mtoto wako. Akiandamana na binamu zake kwenda pwani au ziwani, naye pia anakwenda bila kinga ya kutosha. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kenya mwezi wa Septemba 2019, katika maeneo ya magharibi yenye malaria nyingi. Mtoto wa Kaaga na mtoto wa London, wote wawili huenda hawakuipata.

Basi tufanye nini?

Kwanza, maandalizi yaanze kabla ya safari. Wageni wanapopiga simu kusema wanakuja, waambie wamwone daktari huko waliko, wiki 4 hadi 6 kabla ya kuondoka. Wamweleze kila mahali wanapotarajia kufika. Daktari atawaambia kama wanahitaji vidonge vya kuzuia malaria. Vidonge vya mtoto hupimwa kwa uzito wake, kwa hiyo asigawiwe kidonge cha mtu mzima. Vidonge hivyo huanza kumezwa kabla ya kufika penye malaria, na huendelea baada ya kuondoka: vingine kwa siku 7, vingine kwa wiki 4. Wengi huviacha mara tu wanapopanda ndege kurudi, na hapo ndipo malaria hupata nafasi. Mama mjamzito naye amwone daktari mapema, kwa kuwa malaria huweza kuharibu mimba.

Pili, mzuieni mbu. Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri. Watoto wavae nguo za mikono mirefu jua likitua, na wapakwe dawa ya kufukuza mbu. Walale ndani ya neti iliyotiwa dawa, na neti ichomekwe vizuri chini ya godoro. Msione haya kubeba neti mnapokwenda kulala kwa jamaa. Mwenyeji mwenye busara hatachukia.

Tatu, mtoto akipata joto jingi, apimwe damu siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Usiseme ni uchovu wa ndege, au ni chakula kipya, au ni meno. Malaria kwa mtoto huweza kuja na kutapika, kuhara, kukohoa na kukataa kula, hata ukadhani ni tumbo tu. Panadol huteremsha joto, lakini haiui vimelea. Mpeleke kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu kutoka kidoleni, na majibu hutoka kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Apimwe hata kama amekuwa akimeza vidonge vya kuzuia, maana hakuna kidonge kinachozuia kabisa.

Ukiona mtoto anapata degedege, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida, au viganja vyake vimepauka, kimbia naye hospitali mara moja, iwe mchana au usiku.

Nne, msinunue dawa kwa kumbukumbu za zamani. Aliyeondoka nchini miaka ya 1990 anakumbuka klorokwini. Vimelea viliizoea dawa hiyo, na Kenya iliiacha mwaka 1998 ikachukua dawa za aina ya Fansidar. Nazo zilianza kushindwa. Mwaka 2004 serikali ilichagua dawa ya mseto inayoitwa AL, ambayo ilianza kutumika katika vituo vya afya mwaka 2006. Malaria ya kawaida hutibiwa kwa AL, mara 6 kwa muda wa siku 3, pamoja na chakula au maziwa. Mtoto azimalize zote, hata kama siku ya pili ameshaanza kucheza. Malaria kali hutibiwa hospitalini kwa sindano.

Sasa, nyanya, sikiliza hili la tano, kwa maana ni lako hasa. Wageni wakishaondoka, kazi yako haijaisha. Tangu mbu aume hadi homa ianze hupita angalau siku 7, na mara nyingi wiki 2 au zaidi. Mtoto aliyeumwa na mbu Kisumu anaweza kuugua akiwa ameshafika kwao na kurudi shuleni. Huko ni majira ya baridi, na watoto wengi wana mafua. Daktari ambaye hakuambiwa habari ya safari anaweza kudhani ni mafua, na siku zikapotea bure.

Hili hutokea kweli. Mwaka 2023, Uingereza ilihesabu zaidi ya wagonjwa 2,000 wa malaria walioipata safarini. Wengi wao walikuwa wametoka Afrika, na sababu kubwa ya safari zao ilikuwa kuwatembelea jamaa. Watalii huwa wanaogopa, kwa hiyo wanameza vidonge. Anayekwenda kwao haogopi, kwa kuwa anakwenda nyumbani.

Kwa hiyo unapowapigia simu kuuliza kama walifika salama, uliza pia, "Mtoto ana joto?" Ukiambiwa analo, sema, "Mpelekeni hospitali leo, mwambieni daktari mlikuwa Kenya, na mwombe apimwe malaria." Endelea kuuliza kwa miezi 3 ya kwanza, na wao wakumbuke hivyo kwa mwaka mzima. Maneno hayo machache ya simu yanaweza kumwokoa mjukuu aliye mbali.

Mama, nyanya na mlezi, wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wetu waje, tule na kufurahi pamoja, nao warudi makwao wakiwa wazima.