Kasuku wa Walikale kwenye baridi ya Masisi: kumuokoa si kumununua

Katika nyumba ya mwalimu mmoja, upande wa Nyabiondo, teritori ya Masisi, kuna kasuku asiyejua kusema hata neno moja, na mwenye nyumba hataki ajue. Watoto wa jirani wanasimama mlangoni na kumuita: "Kasuku, sema! Sema bonjour!" Yeye anawaangalia kwa jicho lake la manjano, ananguruma kidogo, kisha anarudi kwenye kona yake. Mwalimu anacheka.

"Batoto banapenda aongee," anatuambia. "Mi nakatala. Akizoea kuongea na batu, siku moja atarudi mu mikono ya batu."

Kasuku huyu si wa Masisi. Alitoka Walikale, kule chini kwenye pori kubwa, ndani ya kitunga kilichofungwa nyuma ya pikipiki. Tunaeleza habari yake kwa sababu wasomaji wetu wengi wamekwisha kukutana na kasuku wa namna hiyo sokoni, kwenye bariyeri au mlangoni kwao. Swali ni lile lile kila mara: nifanye nini naye?

Usiku wa mvua

Anayejua barabara ya Walikale mpaka Masisi hahitaji kuelezwa matope yake. Usiku mmoja motari aliyetoka upande wa Walikale alikwama karibu na shule. Mwalimu alimpa mahali pa kulala, kama desturi inavyotaka. Asubuhi, motari alipofunua kitunga, kati ya kasuku tisa walibaki wawili wazima. Wengine walikuwa wamekufa kwa baridi, kiu na kubanana.

Motari alitaka kuwauza wale wawili ili asipate hasara yote. Mwalimu akakataa kutoa makuta. Basi motari akamuangalia yule mwenye mabawa yaliyokatwa na ulimbo kwenye manyoya ya kifua, akaona atakufa kabla ya kufika Goma, akamuacha bure. Yule mwingine akamfunika tena kwenye kitunga, akawasha pikipiki, akaenda.

"Ule mwingine njo ananisumbuaka roho," mwalimu anasema. "Kama ningetoa ile makuta, wote wawili bangekuwa hapa."

Tulimuelewa. Mtu yeyote mwenye huruma angefikiri hivyo. Lakini tufikiri mpaka mwisho. Motari angefika Walikale na kusema: "Kule Nyabiondo kuna mwalimu ananunua kasuku, hata wagonjwa." Wiki ya kufuata angeleta vitunga viwili. Anayekamata kasuku porini haulizi kama mnunuzi ana roho nzuri au mbaya, anauliza bei tu. Kila kasuku anayenunuliwa kwa huruma anaita wengine nyuma yake. Mwalimu hakumuokoa yule wa pili, ni kweli, na ni uchungu. Lakini hakulipia kitunga cha kufuata.

Biashara ya miaka mingi

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu anaishi katika misitu ya Afrika ya kati na ya magharibi. Kwetu Walikale ni mmoja wa majirani wa zamani, anayeruka kwa makundi asubuhi na jioni akipiga miluzi juu ya miti. Anataga mayai machache katika tundu la mti mkubwa na mrefu, na kwa kawaida dume na jike hukaa pamoja miaka mingi. Tangu miaka ya 1970, zaidi ya milioni moja ya ndege hawa walikamatwa porini na kuuzwa nje ya Afrika, bila kuhesabu wale waliokufa njiani.

Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba wanawapenda kwa akili yao. Kasuku maarufu kuliko wote, Alex, alifundishwa Marekani na mwanasayansi Irene Pepperberg tangu mwaka 1977 mpaka alipokufa mwaka 2007. Alitaja rangi na sura za vitu, na alihesabu mpaka sita. Lakini akili hiyo hiyo inamfanya kasuku ateseke anapofungwa. Ndege mwenye kichwa kama hicho anajua kwamba yuko peke yake.

Mwezi Oktoba 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi za mkataba wa CITES zilimtia kasuku wa kijivu katika orodha ya kwanza, ile ya nyama na ndege ambao ni marufuku kuwakamata porini na kuwauza kimataifa kwa faida. Hapa kwetu, sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inasimamia ulinzi wa nyama wa pori, na shirika la serikali linalohusika ni ICCN. Kwa hiyo anayemkuta kasuku aliyeokoka hapati mali. Anapata mgeni ambaye lazima atangazwe. Kazi ya kwanza ni kuwapasha habari watu wa ICCN, au mkuu wa kijiji na mtumishi wa mazingira wa teritori ikiwa ofisi ya ICCN iko mbali. Mwalimu wetu aliandika barua mbili, na nakala yake anayo. "Nilitaka bajue haiko yangu," anasema.

Kivu ya Kusini, huko Lwiro, teritori ya Kabare, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 na ICCN pamoja na kituo cha utafiti cha CRSN. Kilianza kwa ajili ya sokwe waliobaki yatima, na siku hizi kinapokea pia kasuku waliokamatwa mikononi mwa wafanyabiashara. Lakini kutoka Nyabiondo mpaka Lwiro si safari ndogo, na vita imefunga njia nyingi. Hapo ndipo mtu anajikuta analea mgeni miezi mingi bila kujiandaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu jembe halishiki, na katika mikono ya watu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi.

Joto kwanza

Kwanza ujue kama ni mkubwa au mtoto. Tazama macho. Kasuku mtoto ana jicho jeusi au la kijivu, mkubwa ana jicho la manjano. Mkubwa aliyekamatwa porini anajua kutafuta chakula, anajua adui, na mara nyingi aliacha mwenzake au watoto kwenye tundu. Hatazoea nyumba haraka, na si vibaya. Uoga wake ndio utakaomlinda siku atakaporudi.

Walikale ni chini, joto na unyevu. Masisi ni milima, na usiku blanketi moja halitoshi. Kasuku aliyechoka, mwenye manyoya machache, anaweza kufa kwa baridi katika usiku mmoja. Mwalimu alimuweka katika sanduku la mbao lenye matundu, mbali na upepo wa mlango, na usiku alitia ndani chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitenge. Hakumuweka karibu na mbabula. Moshi wa makala unaua ndege upesi kuliko mtu, kwa sababu mapafu yao yanavuta hewa kwa nguvu. Hata sufuria ya kisasa isiyoshika chakula, ikiungua kwenye moto, inatoa hewa inayomuua ndege kabla mpishi hajasikia harufu yoyote.

Asubuhi jua likitoka, mtoe nje, nusu kwenye jua na nusu kwenye kivuli ili achague mwenyewe. Jua linamsaidia mwili wake kutumia chokaa ya chakula. Kasuku wa kijivu akikosa chokaa anaanza kutetemeka na kuanguka kama mwenye kifafa. Wengi husema amerogwa, kumbe ni njaa ya mifupa.

Ulimbo uliobaki kwenye manyoya unalainishwa kwa mafuta kidogo ya kupikia, sehemu moja kwa siku, kisha unafutwa kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo. Usimuogeshe mwili mzima siku ya baridi, na usivute unyoya kwa nguvu.

Chakula kilicho karibu

Watu wengi wanampa mahindi makavu na kalanga tu, kwa kuwa anavipenda. Baada ya miezi, macho na pua zinavimba, manyoya yanakosa nguvu, kwa sababu hapati vitamini A. Bahati nzuri dawa yake iko sokoni. Kule porini anakula ngazi, na ngazi zinazotoka Walikale zinafika mpaka Masisi. Mpe ngazi mbili au tatu kwa siku. Ongeza lengalenga, karoti, pilipili, papayi, mahindi mabichi, na mara moja moja yai lililochemshwa pamoja na ganda lake likisagwa. Maji safi yabadilishwe asubuhi na jioni.

Kitu kimoja tusisitize, maana Masisi kinapatikana kila nyumba: avoka. Kwa mtu ni chakula kizuri, kwa kasuku ni sumu. Usimpe hata kipande. Vilevile usimpe chumvi, chokoleti, kahawa wala kasiksi. Tumeona mtu akimnywesha ndege pombe ili watu wacheke. Huo si mchezo.

Mkono wa anayemlisha unawe kwa sabuni kila mara, na kinyesi kifagiliwe kikiwa na unyevu, si vumbi. Kasuku anaweza kumpa mtu ugonjwa wa mapafu wenye homa na kikohozi. Ukiugua, muambie muganga kwamba unalea ndege. Atajua dawa gani ya kuanza nayo.

Kumpenda bila kumfunga

Mabawa yaliyokatwa hayaoti siku ile ile. Shina la zamani lazima lianguke lenyewe kwanza, na kasuku hubadili manyoya polepole, karibu mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana mwalimu amengoja zaidi ya mwaka. Chumba cha nyuma ambamo alikuwa anaweka mahindi sasa ni cha kasuku: matawi mabichi ya kutafuna yanayobadilishwa kila wiki, kamba ya kupanda, giza la kutosha usiku ili alale. Ndege asiye na kazi anaanza kujing'oa manyoya mpaka kifua kinabaki wazi.

Siku nyingine majirani walimuuliza mwalimu kwa nini asimfungulie dirisha aende. Jibu ni kwamba uhuru wa namna hiyo ni kumtupa. Masisi si pori lake: malisho ni mengi, miti yenye tundu michache, baridi kali, na hakuna kundi la wenzake. Kasuku peke yake hawezi kuangalia adui pande zote. Tena anaweza kubeba ugonjwa wa kitunga mpaka kwa ndege wa porini. Wanaojua kazi hiyo wanawakusanya wengi, wanawapima, wanawaacha warushe mabawa katika uwanja mkubwa wenye wavu, kisha wanawaachilia pamoja katika msitu unaowafaa. Anayelea nyumbani kazi yake ni kumfikisha huko akiwa mzima na akiwa bado ndege wa porini.

Ndiyo maana mwalimu hamchezei, hamuweki begani, hamfundishi salamu. Mke wake alituambia mambo hayo si rahisi: "Anaimbaka asubui kama mu pori. Roho inataka kumukamata, kumupapasa. Unazuia mukono."

Tulipokuwa tunaaga, mwalimu alitufungulia mlango wa chumba cha nyuma kidogo tu. Kasuku aliruka kutoka tawi moja mpaka lingine, labda mita tatu, akagonga ukuta, akajishika tena. Mabawa bado hayalingani, la kushoto ni fupi. Mwalimu alifunga mlango haraka.

"Wiki iliopita alikuwa anaanguka chini," alisema. "Leo ameshika."

Barua ya tatu kwa ICCN ilikuwa juu ya meza, haijapata mtu wa kuipeleka. Tuliichukua sisi.