Daraja Lililozama

Kuka yangu, yaani babu kwa Kibukusu, alikuwa na hadithi moja ya vita ambayo hakuna aliyeiamini nyumbani kwetu, upande wa Chwele, Bungoma. Alisema kwamba huko Madagaska, akiwa askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki, yeye na wenzake walivuka mto mkubwa kwa miguu juu ya daraja lililozama. Sisi watoto tulicheka. Daraja likishazama si daraja tena, mtu huvukaje? Yeye alinyamaza, akajifunika kabuti lake la khaki lililobakiwa na vifungo viwili, akarudi kuutazama Mlima Elgon ukimezwa na wingu la saa tisa.

Miaka mingi baada ya kumzika nilianza kusoma habari za Kikosi cha 881, marubani wa ndege za kivita za jeshi la majini la Uingereza. Sikuwa namtafuta kuka. Nilitaka tu kuelewa ndege inawezaje kupaa kutoka kwenye meli na kurudi kutua juu yake. Nikamkuta humo.

Kikosi hicho kiliundwa mwaka 1941 na kupewa ndege za Martlet, zilizotengenezwa na kampuni ya Grumman ya Marekani. Wamarekani wenyewe waliziita Wildcat, paka mwitu. Jina walilolichagua Waingereza linanigusa zaidi. Martlet ni ndege wa kuchorwa kwenye ngao za kale za Ulaya. Anafanana na mbayuwayu na huchorwa bila miguu, kana kwamba maisha yake yote yako angani. Martlet ya chuma ilikuwa na miguu, lakini rubani aliikunja kwa nguvu zake mwenyewe. Upande wa kulia wa kiti palikuwa na mpini. Akishapaa, alihamishia usukani mkono wa kushoto, akauzungusha mpini huo karibu mara 30 hadi magurudumu yaingie tumboni. Waliosimama sitahani waliiona ndege ikienda ikiyumba, ikifuata mzunguko wa bega la mtu.

Kutua ndiko kulikokuwa na kazi. Meli huelekezwa upepo unakotoka na kukimbizwa, ili tofauti ya mwendo kati yake na ndege inayokuja ipungue. Chini ya mkia wa ndege huning'inia ndoana, na sitahani zimetandazwa nyaya za chuma kutoka ubavu hadi ubavu. Ndoana ikinasa waya, ndege husimama ghafla kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba. Isiponasa, mbele kuna kizuizi au kuna bahari. Ndiyo maana, kabla meli ya aina hii haijatia nanga, ndege zake hutangulia kwenda nchi kavu: meli iliyosimama haina upepo wa kutosha kuzirusha.

Na nchi kavu hiyo, katika mwaka 1942, ilikuwa kwetu. Mwezi wa Aprili Wajapani waliishambulia Ceylon, leo Sri Lanka, na wakaizamisha Hermes, meli ya Kiingereza ya kubeba ndege. Admirali James Somerville akaihamishia Kilindini sehemu kubwa ya meli zake. Wataalamu wa kufumbua siri za redio za Wajapani wakaingizwa katika shule ya Allidina Visram, Mombasa, wakafanya kazi yao mahali ambapo wanafunzi walizoea kufanya hesabu. Jeshi la majini la Uingereza huvipa vituo vyake vya nchi kavu majina kama ya meli, na safari hii majina yalichotwa katika Kiswahili. Kituo cha ndege cha Port Reitz, mahali ulipo leo Uwanja wa Ndege wa Moi, kiliitwa Kipanga. Karakana ya ndege ya Nairobi iliitwa Korongo. Kituo cha Tanga kiliitwa Kilele. Nilipolisoma la Kipanga niliweka kitabu chini. Kila mama wa Bungoma anamjua kipanga: ndiye anayeshuka uani bila sauti na kuondoka na kifaranga. Aliyelichagua jina hilo alikuwa amekisikiliza Kiswahili kwa makini.

Madagaska ilikuwa mikononi mwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyokuwa imepatana na Wajerumani. Waingereza walihofia kwamba nyambizi za Kijapani zikiipata bandari ya Diego Suarez, ncha ya kaskazini ya kisiwa, njia ya meli za kwenda Misri na India ingekatika. Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942, meli za Kiingereza za kubeba ndege, Illustrious na Indomitable, zilirusha ndege zao. Swordfish, ndege za mabawa ya ghorofa mbili yaliyofunikwa kwa kitambaa, ziliingia bandarini na kuzamisha meli ya Bougainville na nyambizi ya Bévéziers. Nyingine zilidondosha masanamu yaliyofungwa miavuli ili Wafaransa wadhani askari wanashuka mahali pengine. Martlet za Kikosi cha 881 ziliwekwa juu ya ufuo, kuwalinda waliokuwa wakiteremka. Siku ya pili ziliwapiga Wafaransa waliokuja na ndege za Potez. Siku ya tatu, tarehe 7, zilikutana na Morane, ndege za kivita hasa, na pambano likawa la kukimbizana. Morane zilianguka, na Martlet moja nayo ikaanguka. Rubani wake alipona.

Siku tatu, basi. Kikosi hicho baadaye kiliruka juu ya Norway tarehe 3 Aprili 1944, kikiwalinda walioishambulia manowari ya Kijerumani ya Tirpitz, na Agosti mwaka huo kikawa juu ya kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1945 kikavunjwa. Lakini mapigano yake ya angani katika bahari yetu hii yalikuwa siku hizo chache za Mei, nayo yamehifadhiwa vizuri kiasi cha kushangaza, kwa sababu kila rubani alikuwa na daftari la safari. Akitua huandika: tarehe, namba ya ndege, muda aliokaa angani, alichokiona, alichokipiga.

Huku kwetu hakuna aliyeandika hivyo. Bungoma ilihesabiwa ndani ya wilaya ya kikoloni ya North Kavirondo, na vijana wake walikuwa wakichukuliwa kwa njia zaidi ya moja. Treni ilitoka Bungoma ikapita Broderick Falls, ambayo sasa tunaiita Webuye, ikapanda Eldoret na kuendelea hadi Mombasa na jeshini. Barabara ya Kamukuywa na Kiminini ilielekea Kitale, kwenye mashamba ya Trans Nzoia, ambayo mengi yalikuwa ya wanajeshi wa Kiingereza waliogawiwa ardhi baada ya vita vya kwanza. Mwaka huohuo wa 1942 serikali iliruhusu Waafrika washurutishwe kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, kwa hoja kwamba mahindi nayo ni silaha. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyewahi kuichezea Kenya kandanda, alizikataa njia zote mbili, ya bunduki na ya jembe la mwingine. Mwaka 1945 alifungiwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Namheshimu Masinde kwa kukataa kwake, na namheshimu kuka aliyepanda treni. Walitoka katika vijiji vilivyo jirani, na sioni kwa nini nimkane mmoja ili nimtukuze mwingine.

Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki iliingia Diego Suarez mwezi wa Juni, ikiwa na vikosi vya Keya kutoka Nyasaland, Kenya na Tanganyika. Kuka alikuwa katika kile cha Kenya, Keya ya 5. Agosti ikafika, mwezi wa tohara, maana sisi Wabukusu hutahiri katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Chinyimba, kengele za watahiriwa, zililia usiku kucha nyumbani, vijana wakaenda mtoni alfajiri kupakwa matope. Kaka mkubwa aliyepaswa kusimama nyuma ya mdogo wake alikuwa ng'ambo ya bahari, akilinda bandari iliyotekwa.

Tarehe 10 Septemba vita vilianza upya Majunga, magharibi ya kisiwa. Illustrious ilikuwa pale tena na Martlet zilikuwa juu tena. Safari hii marubani wa 881 hawakupata wa kupigana naye angani, na katika simulizi nyingi za kikosi siku hiyo hupitwa kwa mstari mmoja. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Chini ya mabawa hayo, Waingereza wakiwa wametangulia, Keya waliteremka na kuanza safari ya karibu kilomita 600 kwenda Antananarivo. Wafaransa walikuwa wameangusha miti barabarani na kupanga mawe, kizuizi baada ya kizuizi. Waliowasubiri nyuma ya vizuizi hivyo wengi walikuwa Wamalagasi na Wasenegali, Waafrika kama wao, waliovishwa sare ya mwingine. Malaria iliwalaza wengi kuliko risasi.

Kama kilomita 200 kutoka Majunga kuna mto Betsiboka. Daraja lake lilikuwa la kuning'inia. Wafaransa walizikata kamba zake za chuma, na kwa kawaida kazi ingekuwa imekwisha. Lakini kipande cha katikati hakikuvunjika wala kupinduka. Kilishuka kizimakizima kikalala juu ya sakafu ya mto, mahali ambapo kina kilikuwa kifupi. Askari wakateremka upande mmoja, wakatembea juu yake, wakapanda upande wa pili.

Niliposoma hayo nilikuwa peke yangu chumbani Kitale, mvua ikipiga mabati, na nililia.

Antananarivo ilichukuliwa tarehe 23 Septemba. Wafaransa waliendelea kurudi kusini hadi tarehe 6 Novemba, vita vikaisha. Majina ya Keya waliokufa Madagaska bila kaburi kujulikana yamechongwa kwenye mnara wa makaburi ya vita kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi; mtu anaweza kwenda kuyasoma, na nashauri aende. Waliorudi ndio waliopotea katika maandishi.

Kuka alirudi na kabuti, cheti na nishani. Cheti kililiwa na mchwa ndani ya sanduku la mbao. Nishani ninayo. Ni nzito kuliko inavyoonekana, rangi ya kijivu cha fedha, upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa 6, upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Nimeizungusha ukingoni kwa kucha nikitafuta jina. Hamna. Nishani za vita vile Waingereza walizigawa bila kuandika majina, hata kwa marubani wa Illustrious. Ila rubani alikuwa na daftari.

Desemba iliyopita ukoo ulikutana Kitale, kwa binamu yetu. Baada ya chakula niliwasomea habari za Betsiboka, polepole, nikiwaonyesha kwenye ramani ya simu. Vijana walinyamaza. Senge, dada yake baba, ambaye sasa haoni vizuri na huketi karibu na mlango apate mwanga, alinigeuzia uso.

"Lakini baba alisema," akaniambia. "Alisema maji yalimfika magotini, na bunduki aliiweka kichwani. Nyinyi mlikuwa mnacheka."

Nikaomba kalamu.