KOSA NI NINI, NA NANI ANAYEFUNGWA?



Katika mikutano yetu ya Bugarama, Shagasha na Kamembe liko swali moja linalorudi kila habari ya mishahara inapokwisha: "Mbona wezi hawaishi, na mbona jela haikauki watu?" Mwingine huongeza: "Na mbona anayefungwa kila siku ni mtu kama sisi?"

Haya si maswali ya kucheka, wala si ya kuwaachia mahakimu na mawakili peke yao. Sisi ndio tunaoibiwa, na sisi ndio tunaokamatwa. Yatupasa tujue kosa linatoka wapi, na kesi inapita njia gani tangu kasho hadi hukumu. Tuyatazame moja moja.

KOSA HUANDIKWA NA MTU

Yapo matendo ambayo kila kabila na kila dini imeyaita maovu: kuua, kubaka, kumnyang'anya mjane shamba lake. Hayo hatuna haja ya kuyajadili. Lakini yapo makosa mengine yanayozaliwa siku sheria inapotiwa sahihi, na kufa siku inapofutwa. Historia ya wafanyakazi imejaa makosa ya namna hiyo.

Katika Kongo ya Wabelgiji, amri ya mwaka 1922 juu ya mkataba wa kazi ilimruhusu mkoloni kumtia jela mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha. Kuacha kazi lilikuwa kosa la jinai, kama wizi! Kenya nako kulikuwa na kipande. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alivaa shingoni kasha la chuma lenye karatasi yake ya kazi. Akimtoroka bwana wake, karatasi ile ndiyo iliyomfuata mpaka kwa hakimu. Hapa kwetu Rwanda, uburetwa, yaani kazi ya bure kwa chifu, ulimaliza nguvu za baba zetu mpaka ulipofutwa mwaka 1949. Aliyekataa aliitwa mkosaji, akaonja kiboko.

Hata chama cha wafanyakazi kiliwahi kuwa kosa. Makhan Singh, aliyewaunganisha wafanyakazi wa Nairobi, Wahindi na Waafrika pamoja, alikamatwa Mei 1950. Alizuiliwa mbali na watu wake zaidi ya miaka 11, hadi Oktoba 1961. Leo watoto wa shule wanafundishwa kwamba alikuwa shujaa.

Basi mtu akisema "huyu ni mkosaji", swali la kwanza la mfanyakazi ni hili: amevunja sheria gani, na sheria hiyo inamlinda nani? Nyingine inatulinda sisi sote. Nyingine inalinda mfuko wa mtu mmoja. Tujifunze kutofautisha.

ROBOTA LA CAGUWA

Sasa tuje nyumbani. Kila mtu wa Rusizi anaijua caguwa, nguo kuukuu kutoka ng'ambo. Jina lenyewe ni Kiswahili: mnunuzi huinama juu ya lundo akaambiwa "chagua". Mwaka 2016 nchi za Afrika ya Mashariki zilikubaliana kuzipunguza nguo hizo ili viwanda vya nguo vya hapa vipate kusimama. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola ya Marekani hadi dola 2 na nusu kwa kilo moja. Wenzetu wengine walilegea baadaye, Rwanda ikasimama imara. Mwaka 2018 Marekani ikaziondolea nguo za Rwanda nafuu ya kuingia sokoni kwake bila ushuru.

Sisemi kwamba ushuru ule ni mbaya. Chama cha wafanyakazi hakiwezi kuchukia viwanda. Lakini tazama kilichotokea hapa mpakani. Robota lile lile lililokuwa biashara ya kawaida likawa na faida kubwa kwa anayelivusha usiku. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, na mto Rusizi ni mwembamba. Ziwa Kivu lina mitumbwi, na vijana wasio na kazi hawakosekani. Magendo hayakuletwa na shetani; yalipata bei mpya.

Tena angalia kazi ile ilivyogawanywa, maana ni kama kiwanda. Yuko mwenye mali, ambaye hagusi maji. Yuko wa katikati, mwenye simu, anayejua usiku gani njia ni nyeupe. Na yuko mchukuzi, mwenye mgongo tu. Wakikurupushwa, nani hukutwa na mzigo? Ni mchukuzi. Mwenye mali hupoteza robota moja, mchukuzi hupoteza uhuru wake. Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa ajili ya Korona, wanawake waliokuwa wakivusha ndoo za samaki na mafungu ya nyanya walipoteza riziki kwa siku moja. Mtu aliyefungiwa njia ya halali na ana watoto, ni rahisi kumshawishi ajaribu njia ya usiku.

KWA NINI MTU ANAKOSA?

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kama umaskini peke yake ungemfanya mtu mwizi, mashamba yetu yote ya chai yangekuwa mapango ya wezi. Wachumaji walio wengi hulala na njaa na mlango wa jirani wasiuguse. Tusiwatukane maskini kwa kusema kwamba umaskini ndio wizi.

Sababu ni nyingi, nazo hushikana mikono. Iko haja: mtoto mgonjwa, deni la dukani, mshahara uliochelewa. Uko mwanya: ghala lisilo na mlinzi, chuma chakavu kilichotupwa uani bila hesabu. Iko pombe, ambayo hula mshahara siku ya malipo na kuzaa vita nyumbani siku inayofuata. Iko tamaa, na hii haichagui maskini wala tajiri. Tena kuna kuona wakubwa wakiiba bila kuguswa. Kijana akiona kwamba mwerevu ndiye anayekula na mwaminifu ndiye anayechekwa, utamwambia nini?

Tusisahau pia anayeibiwa ni nani. Mwizi wa usiku haendi kwa tajiri mwenye ukuta na mbwa. Huenda kwa mchumaji mwenzake, akachukua mbuzi, baiskeli au bati la jiko. Kwa sababu hiyo chama chetu hakimtetei mwizi. Tunachotetea ni kwamba ashitakiwe kwa haki, na kwamba mizizi ya wizi ing'olewe.

NJIA YA KESI, HATUA KWA HATUA

Wengi wetu hukamatwa bila kujua tuko hatua gani. Someni sehemu hii kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma.

Kwanza ni upelelezi. Siku hizi kazi hiyo ni ya RIB, ofisi ya upelelezi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017; kabla yake walikuwa polisi. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya mwaka 2019 iliandika kwamba mpelelezi anaweza kumweka mtu siku 5, zisizoongezwa. Mtu huyo ana haki ya kuambiwa anashitakiwa kwa nini, ya kumwita wakili na ya kuwajulisha jamaa zake.

Hapo yapo maandishi ya maelezo yako. Ndugu yangu, usitie sahihi wala dole gumba juu ya karatasi ambayo hukusomewa ukaielewa. Kesi nyingi hushindwa pale, kabla ya kumwona hakimu.

Pili ni mwendesha mashtaka, mahali ambapo wazee bado hupaita parike. Sheria hiyo ilimpa naye siku 5 za kuamua: akuachie, au akupeleke mahakamani akiomba uendelee kuzuiliwa.

Tatu ni hakimu. Yeye haamui bado kama una kosa. Anaamua kama ziko sababu nzito za kukudhania na kukuzuia wakati upelelezi unaendelea. Akikubali, ni siku 30, nazo zinaweza kuongezwa. Asiyeridhika alipewa siku 5 tu za kukata rufani. Siku hizo hupita upesi kama familia imekaa nyumbani ikilia badala ya kutafuta msaada.

Nne ni kesi yenyewe na hukumu, kisha rufani. Aliyeshitakiwa kwa lugha asiyoielewa ana haki ya mkalimani. Na mpaka hukumu ya mwisho itolewe, Katiba inasema mtu huyo hana hatia. Kukamatwa si hukumu. Kapita anayemfuta mtu katika daftari la kazi asubuhi ile ile aliyokamatwa amejifanya hakimu.

Umaskini usikunyime msaada. Katika kila wilaya iko ofisi ya MAJ, nyumba ya msaada wa sheria, ambako shauri hutolewa bure. Na kwa ugomvi wa mipaka ya shamba au wa deni kati ya majirani, wako abunzi, wapatanishi waliowekwa na Katiba ya mwaka 2003, ambao hukaa karibu na watu na hawadai malipo ya wakili.

SHERIA MBILI ZA SIKU MOJA

Jambo hili wengi hawalijui. Tarehe 30 Agosti 2018 sheria mbili zilitiwa sahihi. Moja ni namba 66, sheria ya kazi. Nyingine ni namba 68, sheria ya makosa na adhabu. Ni ndugu waliozaliwa siku moja, lakini hawana mikono sawa.

Sheria namba 68 ilimwandikia mwizi kifungo cha mwaka 1 hadi 2, faini ya faranga milioni 1 hadi 2, na kazi za manufaa ya umma miezi 6, au mojawapo ya adhabu hizo. Wizi ukifanyika usiku, au na watu zaidi ya mmoja, adhabu huongezwa mara mbili. Chukua kalamu upige hesabu: mchumaji wa chai atafanya kazi miaka mingapi ili alipe milioni moja?

Sheria ya kazi nayo ina meno. Inamfunga anayelazimisha watu kazi, na anayemsumbua mwanamke kazini kwa tamaa zake. Lakini mshahara ukicheleweshwa, au kilo za majani zikipungua kwenye mizani, njia ni ndefu: kwanza mjumbe wa wafanyakazi, halafu mkaguzi wa kazi wa wilaya, halafu mahakama. Hakuna anayelala kasho usiku ule. Mizani inayokula kilo mbili katika kila kikapu, kwa watu mia, kwa msimu mzima, imechukua mali kuliko mwizi wa mbuzi. Tofauti ni kwamba mbuzi hulia, kilo hazilii. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Siku arobaini za mizani hazitafika kama hakuna anayezihesabu.

JELA PEKE YAKE HAITOSHI

Nchi yetu imelijua jambo hili kwa uchungu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu zaidi ya 100,000 walijaa magerezani, na mahakimu walibaki wachache. Kukamata kulikwenda mbio kuliko kuhukumu. Ndipo gacaca zikaanzishwa, na mpaka zilipofungwa Juni 2012 zilikuwa zimepitia karibu kesi milioni 2. Wako waliotumikia sehemu ya adhabu yao nje, wakichimba matuta na kujenga barabara. Mwaka 2007 adhabu ya kifo ilifutwa, na nchi haikuanguka.

Tangu mwaka 2022 gereza linaitwa igororero, mahali pa kunyoosha. Ni neno zuri. Lakini chuma kilichonyooshwa kikirudishwa mahali palipokipinda, kitapinda tena. Anayetoka Gereza la Rusizi akikuta kazi imekwenda, mke amehama na majirani wanamkimbia, nani atamfundisha kwa mkate isipokuwa wale wale waliompoteza?

KAZI YETU

Basi tufanye nini? Kila tawi lichague watu wawili wanaojua kusoma, wazishike hatua hizi za kesi na saa za ofisi ya MAJ. Mwenzetu akikamatwa, apelekewe habari na chakula siku ya kwanza, si ya sita. Kila mchumaji aandike kilo zake katika daftari lake mwenyewe kila siku, ili mizani ipate shahidi. Mwizi akishikwa, asipigwe. Anayempiga mwizi naye huwa mkosaji, na anayemuua atafungwa miaka mingi kuliko mwizi. Apelekwe kwenye ofisi ya kijiji na kwa wapelelezi. Na aliyemaliza kifungo chake apokewe, kwa maana deni limelipwa.

Haki haimshukii mtu aliyekaa kimya. Mfanyakazi anayeijua sheria haogopi askari wala hamwogopi kapita. Anawaheshimu, na anajua mamlaka yao yanaishia wapi.